Maharage Yaliyobaki Hewani

Sifa ni zako, Mungu uliyeufanya mkono kabla ya jembe na jicho kabla ya picha. Umeniamsha asubuhi nyingi nisizozistahili, na hii ya leo pia, ambayo magoti yananiuma na kalamu inanisumbua, imetoka kwako. Nisaidie nieleze jambo lilivyokuwa, nisilipambe ili nionekane mwema kuliko nilivyo.

Mimi ni mzee wa kanisa hapa Kaniha. Ujanani nilisoma chuo cha Biblia, kisha nikafundisha watoto wa ubatizo na kipaimara kwa miaka mingi mpaka sauti ikachoka. Kazi niliyobaki nayo ni kushika ufunguo wa ukumbi. Ukumbi wetu ni wa matofali ya kuchoma na bati, na sehemu kubwa ya mwaka unakaa mtupu. Msimu wa mavuno ndipo unapojaa, kwa sababu waumini huleta sadaka ya mahindi, maharage na mikungu ya ndizi, na vyote hulundikwa humo mpaka vigawiwe. Kwa hiyo mchungaji aliponiambia kwamba kuna binti atakayekuja kufundisha vijana humo siku tatu kila wiki, nilikuwa na swali moja tu: ataondoka kabla ya mavuno?

"Ataondoka," mchungaji akasema. "Anafundisha sanaa ya kidijitali."

Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Sanaa niliijua: kuchonga, kusuka, kuimba kwaya. Hilo neno la pili nilikuwa nimelisikia redioni likitajwa pamoja na ving'amuzi vya televisheni. Nikadhani vijana watajifunza kutengeneza televisheni, nikaona si jambo baya.

Binti alikuja kwa bodaboda, begi mgongoni, paneli ndogo ya sola imefungwa nyuma ya kiti kwa mpira. Alikuwa mzaliwa wa Kabanga, kule mpakani, aliyesoma mbali akarudi. Alisema, "Shikamoo, mzee," akapiga goti kidogo, nami nikampenda. Ndani ya begi mlikuwa na vishikwambi vilivyotumiwa na watu wengine kabla yetu, vingine vioo vimepasuka pembeni. Vijana walikuwa wengi kuliko vishikwambi, wakakaa wawili wawili. Walikuwa watoto wa wakulima kama sisi, waliomaliza shule bila kupata pa kwenda. Mmoja wao alikuwa mjukuu wangu.

Huyo mjukuu amekaa kwangu tangu alipoachishwa kunyonya. Baba yake, mwanangu wa kwanza, ana banda la chakula Nyakanazi, pale malori yanapolala. Alikuwa ameshasema kwamba mavuno yakiisha binti yake huyo aende akamsaidie kuhudumia madereva. Sikupenda. Sina neno baya juu ya madereva, wengine ni waumini wazuri kuliko sisi. Lakini msichana huyu ana tabia ya kusimama katikati ya njia, ndoo kichwani, kutazama jinsi mbuzi anavyokunja miguu ya mbele ili alale. Niliogopa kwamba pale Nyakanazi, kati ya sahani na honi, tabia hiyo ingekufa. Yeye mwenyewe hakutaka kwenda. Na mwalimu alituambia mapema kwamba mwisho wa mafunzo watakuja wageni wa mradi, wataangalia kazi za vijana, na mmoja wao atapelekwa Ngara kusoma zaidi, akilala na kula huko huko. Nafasi ilikuwa moja. Nyumbani kwetu hakuna aliyehitaji kuelezwa: ama Ngara, ama Nyakanazi.

Siku ya kwanza niliombwa kufungua kwa sala. Niliomba kama nilivyofundishwa, nikianzia uumbaji, nikapita kwa manabii, nikafika kwa vijana wetu na serikali. Nilipofumbua macho, vioo vingi vilikuwa vimezima.

"Vimeishiwa chaji, mzee," mwalimu akasema kwa upole. "Kesho tutaomba kabla ya kuviwasha."

Vijana waliinama kuficha vicheko. Kuanzia hapo, kila nilipofungua mlango, kulikuwa na mmoja wa kuuliza kwa sauti ya adabu kupita kiasi, "Mzee, leo unaanzia kwa Adamu au kwa Nuhu?"

Nilizoea kukaa kwenye benchi la nyuma. Nilikuwa mlinzi wa ufunguo, na pia nilitaka kujua wanachojifunza. Katika maisha yangu yote ya kufundisha, mwanafunzi nimempima kwa daftari lake. Wiki ya pili nikasimama, nikapita kati yao, nikasema waonyeshe madaftari. Hawakuwa nayo.

"Mmesoma wiki nzima, hamna hata mstari mmoja?"

"Kazi ziko humu, babu," mjukuu wangu akasema, akigusa kioo.

"Ukikizima, ziko wapi?"

"Zimo."

"Basi kizime, unionyeshe zilipo."

Wakacheka sana, hata mwalimu. Mimi sikuwa natania. Nilikuwa nimewafundisha watoto wa watu kwamba kisichoonekana kipo, nikaeleza kwa mifano ya upepo na pumzi, na wazazi wao waliniamini. Sasa mtoto wangu mwenyewe ananiambia maneno yale yale juu ya kioo, nami siwezi kuamini. Nilirudi kwenye benchi nimechanganyikiwa.

Nyumbani nilifungua sanduku langu la zamani, nikatoa daftari kubwa ambalo sikuwahi kuandika ndani yake. Nikamwambia, "Kila unachochora kwenye kioo, chora na humu. Sitaki watu waseme mjukuu wangu amesomea hewa."

"Babu, ni picha nyingi sana."

"Na daftari lina kurasa nyingi."

Alitii ili nisiendelee kumsumbua. Kila jioni kabla ya giza alikaa mlangoni, akichora kwa penseli vitu vidogo vidogo, ukurasa kwa ukurasa. Nililitazama mara moja, nikaona ungo na madoa, na ukurasa uliofuata ungo ule ule na madoa yale yale. Niliridhika kwamba daftari linajaa. Sikulitazama tena.

Kazi aliyokuwa ameichagua ilikuwa hii. Mwalimu aliwaambia kila mmoja achore jambo la nyumbani kwao, kisha alifanye litembee. Wengine walichora pikipiki, wengine mpira. Mjukuu wangu alimchora bibi yake akipepeta maharage. Mke wangu ametoka upande wa Ngara, na ungo wake huuita urutaro mpaka leo. Akipepeta, maharage yanaruka mbele ya uso wake kama yameitwa, yanasimama kidogo, kisha yanarudi, na makapi yanakwenda na upepo. Nimeishi naye zaidi ya nusu ya maisha yangu. Sikuwahi kufikiri kwamba hilo ni jambo la kutazamwa.

"Mke mwenzangu," mke wangu alimwambia mjukuu wetu, maana ndivyo wanavyotaniana, "miaka yote napepeta hakuna aliyeleta kiti kunitazama. Leo unanitazama wewe hadi mikono inaona haya."

"Pepeta tena, bibi. Polepole."

"Maharage hayajui polepole. Yakipanda yamepanda."

Mwalimu alinieleza mara tatu jinsi picha zinavyotembea. Alisema hazitembei. Ni picha nyingi zilizosimama, kila moja imetofautiana kidogo na ya kabla yake, na macho yetu ndiyo yanayoziunganisha. Niliuliza, "Kwa hiyo ni uongo?" Akasema si uongo. Niliuliza, "Kwa hiyo yanaruka kweli?" Akasema hayaruki. Nikamshukuru, nikaenda kufagia baraza.

Wiki moja kabla ya wageni kuja, mwalimu alimruhusu mjukuu wangu kuja na kishikwambi nyumbani, Jumamosi na Jumapili, amalizie sehemu ndogo iliyobaki. Ilikuwa ruhusa ya pekee, na aliitoa kwa sababu mimi nilisimama kama mdhamini. Alisema Jumatatu angezinakili kazi zote kwenye kompyuta yake, maana mtandao wa kwetu huja na kuondoka unavyotaka, na kazi zilikuwa kwenye vishikwambi tu.

Jumamosi ile, mchana, nilitoka shambani nikakuta imekamilika. Mjukuu alisimama mbele yangu akiwa amekishika kile kioo.

"Babu, nataka wewe uwe wa kwanza."

Nilimwambia asubiri. Nilikuwa na udongo mikononi. Nilikwenda kwenye kibuyu chirizi, nikanawa mpaka kwenye viwiko, kwa sababu sipokei kitu cha heshima kwa mikono michafu. Kisha nilikipokea kama tunavyopokea vitu kwetu, kwa mikono miwili, viganja vimekumbatia pande zote, vidole gumba vimelala juu. Mtu akipokea kwa mkono mmoja, anamwambia mtoaji kwamba alichopewa ni kidogo. Mikono yangu ilikuwa bado na maji.

Nikamwona mke wangu ndani ya kioo. Hakuwa yeye hasa, alikuwa mistari michache ya rangi ya udongo, lakini bega lilikuwa lake. Maharage yakaruka, yakasimama, yakarudi. Yakaruka tena. Muda wote ulikuwa kama wa kupiga chafya. Nikawaza, miezi hii yote kwa ajili ya chafya moja? Lakini sikuweza kuacha kutazama.

Bibi yake akaita kutoka jikoni kwamba sufuria linafurika. Binti akakimbia. Nikabaki peke yangu, na maji yakatiririka kutoka viganjani juu ya kioo. Picha ikasimama. Ikaruka upande, ikarudi. Kikatokea kisanduku katikati, kina maneno ya Kiingereza na vitufe viwili. Kiingereza changu ni kidogo. Kile kisanduku hakikuondoka. Kilikaa pale kama mgeni aliyebisha hodi, ananingoja. Mimi nimelelewa kwamba anayeuliza hujibiwa. Nikagusa kitufe kilichokuwa karibu na kidole changu.

Picha ikapotea. Pakawa peupe kama unga wa muhogo.

Nilidhani imejifunga, kama kitabu kinavyofungwa. Binti aliporudi nikampa, kwa mikono miwili vilevile, nikasema, "Nzuri sana. Mungu akubariki." Akafurahi, akakizungushia kitenge bila kukitazama.

Alikifungua Jumapili baada ya ibada. Nilikuwa barazani. Sikusikia kilio. Nilisikia sauti yake ikisema peke yake, "Nimefanya nini?"

Nilipaswa kusimama wakati ule. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusimama. Sikuwa na uhakika, hilo ni kweli. Labda ni mimi, labda ni maji, labda ni kitu kilichotokea chenyewe mbele ya macho yangu, kama mvua ya mawe. Sikujua picha ilikuwa imekwenda wapi, wala kama kitu kisichoshikika kinaweza kuvunjwa na mtu. Nilijificha ndani ya kutokujua kwangu. Kulikuwa na nafasi kubwa ya kujificha.

Jumatatu nilifungua ukumbi, nikasimama mlangoni na ufunguo mkononi. Nilimwona mjukuu wangu akiwa mbele ya mwalimu.

"Ulibonyeza nini?"

"Sijui, Mwalimu. Labda niliigusa nikiwa nimechoka."

"Labda haitoshi. Nilikuamini."

"Ndiyo, Mwalimu."

Mwalimu hakumfokea, lakini alikaa akiwa ameshika kichwa. Alitafuta ndani ya kile kishikwambi kwa muda mrefu. Kilikuwa kizee, alisema, nafasi yake ndogo, na alikuwa amekifanya kisihifadhi vitu vilivyotupwa. Hakikuwa na kitu.

Siku mbili nilibeba neno hilo. Nililibeba shambani, nikalibeba kwenye kikao cha wazee, ambako walizungumzia kulipanga mapema lundo la mahindi, na mmoja akaniuliza kama lile darasa la vioo linaisha lini. Sikumbuki nilimjibu nini. Siku ya tatu nilimfuata mwalimu wakati anafunga begi. Nikamuuliza kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa.

"Mwalimu, hivi vitu, kabla ya kutupa picha, vinauliza kwanza?"

"Vinauliza, mzee. Havifuti bila kuuliza. Kinatokea kisanduku katikati."

"Na mtu asipojibu?"

"Kinangoja. Usipogusa, hakuna kinachotokea."

Nikamshukuru. Sasa sikuwa tena na mahali pa kujificha.

Nilimkuta mjukuu wangu migombani akikata majani makavu. Nikamwambia yote: maji, mikono miwili, kisanduku, kidole. Nilimwambia pia kwamba Jumatatu nilisimama mlangoni nikasikia akibeba kosa langu, nikanyamaza. Alisikiliza huku kisu kikiwa kimeshikwa hewani.

"Kilikuuliza, babu?"

"Kiliniuliza."

"Ukajibu bila kujua kimeuliza nini?"

"Nilidhani ni utovu wa adabu kutojibu."

Akarudi kukata majani. Asubuhi iliyofuata alinisalimu shikamoo, lakini ilikuwa shikamoo ile wanayopewa wazee usiowajua, unaopishana nao barabarani. Nikasema marahaba.

Mke wangu aliona hali hiyo, akataka kujua. Nikamweleza. Alitikisa kichwa, akasema, "Unawafundisha watoto toba miaka yote, wewe mwenyewe umeitafuta siku tatu kama mbuzi aliyepotea." Kisha akaniuliza, "Na lile daftari?"

Sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Binti naye, aliyekuwa mlangoni akitusikia, hakuwa amelifikiria, maana kwake lile daftari lilikuwa kero ya babu. Aliruka.

"Bibi, liko wapi?"

Mke wangu aliingia jikoni, akatoka nalo. Lilikuwa jembamba.

"Kurasa za nyuma niliwashia moto," akasema. "Sikujua kama ni mimi. Niliona madoa."

Tulikaa chini wote watatu, tukafungua. Kutoka mwanzo mpaka katikati zilikuwepo: ungo chini, ungo ukiinuka, maharage yakianza kuachana na ungo, yakipanda, yakisimama mbele ya uso. Hapo ndipo palipoishia, pembeni pakiwa pameungua kwa cheche za moto. Kurudi kwake kulikuwa kumepikia ugali.

Binti alianza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, bibi yake naye akaanza, na mimi nikacheka bila kujua kama nimesamehewa.

Siku zilizobaki alinakili kutoka kwenye daftari hadi kwenye kioo, kuanzia nilipofungua mlango hadi mwanga ulipoisha. Mwalimu nilikuwa nimeshamweleza ukweli. Akamwambia binti ashike njia fupi: azichukue picha za kupanda, azipange kinyume, na maharage yatashuka yenyewe.

"Hapana, Mwalimu," mjukuu wangu akasema. "Hayarudi kwa njia yaliyopandia."

"Nani atajua?"

"Bibi atajua. Yanapopanda yana makapi. Yanaporudi, makapi yameshaondoka. Nikiyarudisha kinyume, makapi nayo yatarudi kwenye ungo."

Mwalimu akamwacha aendelee. Mimi kwenye benchi langu nilielewa habari ya makapi, lakini sikuelewa kwa nini mtu aliye karibu kupoteza Ngara akatae msaada kwa ajili ya makapi.

Jumamosi wageni wakaja. Tuliziba madirisha kwa mikeka, tukatundika shuka jeupe ukutani, na mwalimu akafunga mashine inayotupa picha ukutani. Ukumbi ulijaa wazazi. Mwanangu alikuja kutoka Nyakanazi, amevaa shati safi, akakaa karibu nami. Niliombwa kufungua kwa sala.

"Fupi, mzee," mtu akanong'ona, na watu wakacheka kabla sijafumba macho.

Niliomba kwa sentensi mbili. Nadhani ni sala fupi kuliko zote nilizowahi kuomba.

Pikipiki zilipita, mipira ikafungwa, watu wakapiga makofi. Kisha akatokea mke wangu kwenye shuka, mkubwa kuliko alivyo. Ungo ukainuka. Maharage yakapanda, yakasimama mbele ya uso wake, na yakabaki pale. Tukangoja. 

"Yamekwama," mzee mmoja akasema kutoka nyuma, na kicheko kikapita.

Mmoja wa wageni, mama wa makamo mwenye miwani, akauliza kwa nini hayarudi. Mjukuu wangu alifungua kinywa. Nilijua angesema nini. Angesema hakumaliza, na asingenitaja. Nikasimama.

"Yalikuwa yanarudi," nikasema. "Mimi niliyaona. Mimi ndiye niliyeyafuta, kwa mikono yenye maji, na nikanyamaza huyu mtoto akilaumiwa. Kazi yake ilikuwa nzima. Msimpime kwa kosa langu."

Nilikaa. Mwanangu alinigeukia akasema kwa sauti ya chini, bila ubaya, "Basi, baba. Kama hata mashine imekataa, aje anisaidie."

Mama mwenye miwani aliomba alione daftari ambalo binti alikuwa amelishika kwapani. Alilipokea, nikaona, kwa mikono miwili. Alipitisha kurasa taratibu mpaka kwenye ile iliyoungua. Kisha akamuuliza binti maswali, na binti akaeleza habari ya makapi. Hakuna aliyeniuliza chochote. Wageni walikaa faragha kwenye chumba cha mchungaji, na waliporudi walisema aendaye Ngara ni yeye.

Makofi yalipigwa. Mimi sikuelewa. Nilimwendea yule mama nje, nikamwambia, "Mama, nashukuru, lakini ile kazi haijakamilika. Wengine wamekamilisha."

"Tumeona, mzee."

"Na bado mmemchukua yeye?"

"Tulikuwa tunatafuta mtu anayejua kwa nini asiyarudishe kinyume," akasema, akapanda gari.

Nimelifikiri neno hilo mara nyingi. Kama nisingefuta, angechaguliwa? Kama bibi asingewasha moto? Siwezi kusema kosa langu lilikuwa jema, kwa sababu halikuwa jema, na ule ukimya wangu mlangoni bado unaniuma. Wala siwezi kusema Mungu hakuwamo. Nimesoma maandiko maisha yangu yote, na hapa sijui niweke mstari wapi.

Mwanangu hakufurahi. Tulipofika nyumbani alimwambia mama yake, "Sasa hayo maharage ya ukutani ndiyo yatamlisha?"

"Wewe yalikulea," mke wangu akamjibu, akaendelea kuchambua.

Wakati wa kuondoka mwanangu alimpa binti yake blanketi alilokuja nalo kwenye basi, akasema Ngara kuna baridi.

Binti aliondoka wakati mahindi ya sadaka yanaanza kuingia ukumbini. Alipoaga alisema, "Babu, nitayashusha nikifika huko." Nikamwambia asiharakishe.

Ilichukua muda. Siku moja mwalimu alipita Kaniha kwa bodaboda, akatuita, akatuonyesha kwenye simu yake. Nilifuta mikono yangu kwenye suruali mara mbili, na simu sikuishika kabisa. Mke wangu ndiye aliyeishika. Maharage yakapanda, yakasimama, na safari hii yakarudi. Makapi yakaenda na upepo. Harage moja likaanguka nje ya ungo, na kuku akaja kulidonoa.

"Kuku huyo ni wetu," mke wangu akasema. "Na ni kweli, moja huwa linaanguka."

Nikamuuliza mwalimu kama harage hilo lilikuwepo kwenye ile ya kwanza. Hakujua, hakuwahi kuiona ikiwa imekamilika. Bibi naye hakuiona. Binti aliniambia siku ile kwamba mimi ndiye wa kwanza, na nimebaki kuwa wa mwisho. Mimi peke yangu niliiona, na nikijaribu kuikumbuka, naiona hii mpya. Ile nyingine sijui iko wapi. Namshukuru Mungu, naamini yeye anajua.

Wewe uliyevumilia kusoma mpaka hapa, Bwana ailinde kazi ya mikono yako hata pale mikono ya wengine inapoigusa bila kujua. Awape watoto wako watu wa kuwatazama vizuri, akupe ujasiri wa kusema ukweli mapema kuliko mimi, na chochote chako kilichobaki hewani, akishushe salama kwa wakati wake. Amina.